Mtani Wako Sasa Anasema Kimakonde

Mama Hadija, mtani wangu,

Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote tuliyokaa pamoja hukuwahi kuniacha nimalize maneno yangu bila kunikatiza, au kunisahihisha, au kunicheka. Sasa umelala kule nyuma ya mikorosho ya mjomba wako, huna pa kukimbilia, na mimi nina kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunza kukisoma kwenye kisomo cha watu wazima, na ile miwani ya marehemu mumeo ikikuteleza puani. Kimakonde nakisema, lakini kukiandika sijui, na wewe pia hukujua, kwa hiyo tusisumbuane.

Nimeshinda, mtani. Hilo nalitanguliza. Nilivyoshinda nitakueleza kwa utaratibu wangu, na wewe tulia.

Unakumbuka ulivyoniambia ulipokuwa huwezi tena kuinuka kitandani. Ulinishika mkono ukasema mama yako hatakula. Ulisema kaka yako alipofia ng'ambo ya Ruvuma akiwa na wapiganaji wa ukombozi, mama alijifunika kanga usoni, akagoma kula mpaka mkamlisha kwa lazima, na wakati ule alikuwa bado na nguvu. Safari hii, ulisema, atakufuata. "Wewe ndiye mtani. Mnyanyue. Na usimnyanyue kwa Kiswahili, hatakusikia."

Nilikwambia nyamaza, utapona. Lakini moyoni niliogopa sana. Kumtania marehemu mbele ya mama yake kunataka ulimi unaokimbia, na ulimi wangu ulikuwa wa kuazima. Niliupata ukubwani, kwenye nyumba yako, na wewe ndiye unayejua ulivyopatikana.

Acha nikumbushe, maana leo nina hamu ya kukumbuka.

Mimi Mngoni nilikuwa nimeshakuwa nesi wa zahanati ile miaka mingi, nina mvi tayari, na Kimakonde changu hakikuzidi salamu. Wewe ulikuwa mhudumu wetu, unafagia, unachemsha vyombo, na mgonjwa asiyejua Kiswahili alisema nami kwa mdomo wako. Tuliona inatosha. Halafu wakahamishwa watu wa mashamba ya mbali, wakaletwa kwenye kijiji chetu cha ujamaa, na kina mama wengi miongoni mwao Kiswahili walikisikia redioni tu. Ndipo akaletwa mke wa mwanao Issa, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya. Namuuliza, wewe unamtafsiria, yeye kimya. Namuuliza tena, anageuzia uso ukutani. Mimi namkasirikia, nadhani ni ujinga. Kumbe mkwe atamwambiaje mama mkwe wake mambo ya sehemu zake? Angekufa na aibu yake mdomoni. Wewe ndiye uliyeelewa, ukatoka nje mwenyewe, na mimi nikabaki naye sina neno hata moja la kumpa. Nilifanya kazi kwa mikono tu, nikimwomba Mungu. Mama na mtoto walipona.

Ulinisubiri nje ya mlango. Hukunipa pole. Ulisema, "Mama Imakulata, umezeeka unaongea na sisi kama mtu anayepiga simu. Njoo ukae kwangu tangu palizi mpaka tumalize kuokota korosho. Kiswahili ukiache mlangoni."

Mganga wetu wa zahanati alicheka aliposikia. Alisema mtu wa umri wangu akijifunza lugha mpya, inaingia sikio hili inatoka lile. Nikafunga nyumba ya serikali yenye bati na sakafu ya saruji, nikabeba godoro kichwani, kijiji kizima kikinitazama, nikahamia kwenye nyumba yako ya udongo. Asubuhi naenda kazini, mchana narudi kuwa mtoto.

Na wewe ulikuwa katili, mtani, sikufichi. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: anayetamka Kiswahili ndani ya uzio anateremka bondeni kuchota maji. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka tangu lini sijui, na bonde lenu nalijua mimi na magoti yangu. Kuteremka unashikilia mizizi, kupanda unashikilia roho. Hata shikamoo ilinigharimu safari! Namwamkia mama yako kwa heshima zote, wewe unanipa ndoo. Wiki zile za mwanzo nyumba yako ilijaa maji mpaka majirani wakawa wanakuja kuazima, na wanauliza kwa upole kama Mngoni ameshaamka. Haishangazi kwamba neno la kwanza kuniingia likakaa lilikuwa medi, maji.

Binti yako Hadija alikuwa ananiita "mtoto wa mwisho". Nilijifunza tukimenya mihogo, kila kitu kinatajwa nikishike: ganda, kisu, ungo, mwiko. Nikikosea mnacheka mpaka mnashika mbavu, nikipatia hakuna anayesema kitu. Nilikuwa nalala na kichwa kinaniuma kama nimekibebea mzigo. Kuna siku nilifunga godoro langu ili niondoke, ukaja ukakaa juu yake, ukaanza kusuka mkeka. Ulikaa hapo mpaka nikaingia jikoni.

Kilichoniuma zaidi ni mama yako. Unajua nilichofanya. Kwetu upande wa Songea mto unapita nyuma ya jiko. Mtu ananawa, anamwaga, anachota mengine. Nami siku zile za mwanzo nikanawa uso, nikamwaga maji uani kwa madaha, pwaa! Mama yako alikuwa amekaa pale na ndonya yake mdomoni. Alinyanyuka, akalichukua karai kutoka mikononi mwangu, akaingia nalo ndani. Tangu hapo alinipakulia chakula akiwa amenipa mgongo. Wewe ulinieleza baadaye: maji ya kunawia uso yanaoshea vyombo, yaliyooshea vyombo anakunywa mbuzi, na mbuzi akibakisha yanakwenda kwenye mboga. Mimi nilikuwa nimemwaga chini vyombo, mbuzi na mboga. Ukaongeza kwamba mama amesema Wangoni wa zamani walikuja huku na mikuki kuwapiga nyie, wakashindwa kwa kiu, na sasa wamemtuma mmoja amalize maji.

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kila nilichomwambia hakujibu. Ningeweza kuongea Kimakonde na uwanda wote wa Newala, kama bibi yule hanijibu nilijiona bure.

Halafu ikaja ndege. Vita vya Mreno vilikuwa bado vinaendelea ng'ambo, na siku hiyo ikatoka upande wa Ruvuma, inaruka chini, mngurumo wake unaingia tumboni. Watoto wameshaingia kwenye handaki lile mlilochimba nyuma ya choo, wewe umo, mimi nimo, nageuka namwona mama yako anarudi ndani. Anafuata mtungi! Anaona bora afe kuliko mtungi wa maji upasuliwe na bomu. Sikufikiri. Nilipiga ukelele kwa Kimakonde, maneno yakatoka yenyewe bila kupita kichwani: "Mama, acha maji! Maji nitakuchotea mimi!"

Akaacha. Akaja mbio na miguu yake ile, tukamvuta ndani. Ndege ikapita, haikuangusha kitu. Tumekaa mle, mchanga umetujaa nyweleni, ndipo akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ya karai. Akasema, "Umesema mwenyewe. Watoto wamesikia. Utachota."

Tulicheka mle shimoni mpaka Issa akatuzuia, anaogopa Mreno atasikia. Na nilichota, mtani. Nilichota kila asubuhi kabla ya kazi, wala haikuwa adhabu tena. Tangu siku ile akawa ananitukana kama wengine, nami nilishukuru kila tusi.

Ulipomalizika msimu wa korosho nilirudi kwenye nyumba ya bati, na zahanati ikawa nyingine. Kina mama waliingia peke yao, wanafunga mlango, wananiambia mimi. Walikuja mpaka wa upande wa Tandahimba, wamesikia kuna Mngoni mzee anayesikia Kimakonde. Wewe ukanuna kidogo, sasa hakuna anayekuhitaji kutafsiri. Ulisema umejifukuzisha kazi mwenyewe. Lakini nilikuona ukiwasimulia watu kwenye foleni ya duka la ushirika kwamba yule ni mwanafunzi wako, ukinyoosha kidole, wala huoni haya.

Basi nikuambie ya sasa.

Ulipokata roho nilikuwa nimekushika. Ilikuwa adhuhuri, watoto wametoka shule. Walikuzika siku ile ile kama dini yenu inavyotaka, sisi wanawake tumebaki nyumbani. Mama yako aliegemea ukuta, akajifunika kanga gubigubi. Uji ukaletwa, ukapoa, ukaondolewa. Maji tulimlowesha midomo tu. Wakaja watani kutoka Masasi, Wayao wale wanaojua kazi yao, wakafunga mlango wakadai kuku ndipo watu wapite, wakacheza, wakakusema vibaya kweli kweli kwa Kiyao na Kiswahili. Watu walicheka. Mama yako hakuinua hata ukingo wa kanga.

Na mimi, aliyepewa kazi, nilikuwa nimekaa pembeni nalia. Mtani halii, najua. Nililia hata hivyo. Hadija akaja kunitazama usoni, nikaelewa ananikumbusha kazi yangu. Siku ya khitma mama yako alikuwa ameshaanza kuwa mwepesi. Nilimshika mapigo ya moyo kwa unesi wangu, sikuyapenda. Nikajua ni leo, au nitamzika na yeye.

Nikaingia chumbani kwako. Nikavaa kanga zako, ile jozi ya zambarau. Nikavaa na miwani, nikaiacha initeleze. Kimakonde chote kilikuwa kimetoka kichwani, sina hata jina la kisu. Nikasema, Mama Hadija, ukiniaibisha leo, nitakufufua nikupige.

Nikatoka kifua mbele, kama ulivyokuwa unatembea wewe, kana kwamba njia nzima imechimbwa na baba yako. Nikasimama katikati ya waombolezaji nikaanza kuwafokea kwa Kimakonde. Nani ameweka sufuria hapa? Nani amewaambia mlie na mlango wazi, mbuzi waingie? Nyie mmekuja kunililia au mmekuja kumaliza mchele? Wakaanza kuguna. Nikawageukia wanaume nje, nikagombana na mpima korosho asiyekuwepo, nikamwambia mizani yake imefunga Ramadhani, haijawahi kushiba tangu kijiji kianzishwe, mpaka wanaume wakapiga makofi, maana hayo ni maneno yako na wote waliyasikia. Nikakoroma unavyokoroma. Nikasoma gazeti kichwa chini unavyosoma ukijua watu wanakutazama. Kelele zikajaa ua mzima. Chini ya kanga, kimya.

Ndipo nikaenda nikakaa mkekani mbele yake, bado nikiwa wewe. Nikamwambia hivi:

"Mama, nimefika salama. Wamenipokea vizuri. Wameuliza, mama yako yuko wapi? Nikasema anakuja, yuko njiani, hali chakula. Wakashtuka wote. Wazee wakakaa kikao. Wamenituma nirudi upesi nikwambie usije! Wanasema yule bibi akifika huku atatupimia maji mpaka sisi maiti."

Hakuna aliyecheka, Mama Hadija. Watu walishika midomo. Nikadhani nimeua.

Halafu kanga ikatikisika. Akaishusha taratibu mpaka kidevuni, macho mekundu, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni. Akasema, "Mwanangu hakuwa na sauti mbaya namna hiyo."

Nikasema kwa sauti yako, "Ni sauti yangu, mama, imekauka kwa safari."

"Na kanga hiyo umeifunga Kingoni. Mwanangu alifunga hapa." Akanyoosha mkono akaifungua, akanifunga upya yeye mwenyewe, anavuta kwa hasira, na katikati ya kuvuta akaniangukia kifuani akalia kwa sauti. Kilio chenyewe sasa, chenye machozi, siyo kile kimya cha kufia. Tulilia wote, na watani wa Masasi nao wakalia, kazi yao ikaharibika. Alipomaliza akafuta uso, akauliza uji uko wapi. Hadija akaukimbilia. Akaonja, akasema umepoa, mnampa mfiwa uji wa jana? Leteni mwingine.

Akanywa bakuli zima. Nilitoka nyuma ya nyumba nikacheza peke yangu, mzee mzima na kanga za marehemu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka njiani na watu wananitazama. Mimi, mtu wa Songea, niliyeambiwa lugha haiingii kichwa chenye mvi! Nilimtania bibi wa ndonya kwa lugha yake mwenyewe, nikamrudisha. Jisifu nawe huko, ni kazi yako pia.

Tangu hapo mambo yamekwenda. Hadija amejifungua mtoto wa kike, nimempokea kwa mikono yangu, na jina umeshajua ni la nani. Anapiga kelele kama wewe. Wale wa ng'ambo waliokimbia vita wengi walisharudi kwao tangu walipopata uhuru, lakini msimu huu wawili walikuja kuhani msiba wako, wametembea kutoka mtoni. Nimestaafu. Mdogo wangu ameandika kutoka Songea kwamba nyumba yangu iko tayari, na mto uko pale pale. Nilimjibu nitakwenda kuwasalimia kisha nitarudi, kwa sababu hapa nina mama wa kumtunza. Nimehamisha godoro tena. Nalala chumbani kwako, na usinune.

Sasa nikueleze lililonifanya nikae niandike. Mwezi uliopita tunabangua korosho, mama yako akaniuliza, je, siku yake ikifika nani atamtania? Nikamwambia, mimi. Akafikiri. Akasema, basi anataka kuusikia utani wenyewe kwanza, maana hawezi kulala kaburini huku juu mtu anamwaibisha kwa maneno mabovu.

Kwa hiyo kila alasiri, mtani wangu, tunamfanyia matanga. Anajilaza mkekani amefumba macho, mimi navaa kanga zake, nasimama juu yake namtania, namsema uchoyo wake, ukali wake, wachumba aliowafukuza usichana wake. Majirani wanakuja na mihogo yao kumenya huku wanatazama. Nikikosea anafumbua jicho moja, ananisahihisha, ananirudisha mwanzo. Jana aliwaambia mbele ya wote, kwa sauti ile unayoijua, kwamba hatakufa mpaka Mngoni huyu aupatie wote bila kosa.

Nami nimeupatia, Mama Hadija. Nimeupatia siku nyingi, naujua wote, hata ndotoni. Lakini usikae mlangoni kumngojea mama yako. Nakuahidi, mbele ya Mungu wako na wangu, kila alasiri nitaacha kosa moja.

Pumzika sasa, mtani. Nimemaliza, na hukunikatiza.

Mimi, mwanafunzi wako,
Mama Imakulata